Kutoka Azimio la Musoma hadi GMAT: historia ya kurudia pepa

Niko nyumbani Buswelu, likizo imeanza, na mjadala hapa geto ni mmoja tu. Mshikaji wetu mmoja, ana digrii na miaka 3 kazini, anataka kwenda kupiga MBA nje. Kafanya GMAT kapata 545. Chuo anachokitaka kinapenda watu wa 645 kwenda juu. Sasa arudie au aachane nayo? Ada ya pepa ni zaidi ya dola 200, na kwa hela hiyo hapa Buswelu unalipa kodi ya chumba miezi kadhaa. Mimi nasoma historia, kwa hiyo siwezi kujibu swali bila kuanzia mbali. Nivumilieni.

Tuanzie jirani. Ukipandia basi Nyamhongolo, ukapita Magu na Bunda, unaingia Musoma. Pale, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa na kutoa Azimio la Musoma. Wengi tunalijua kwa ile elimu ya msingi kwa wote, lengo likiwa 1977. Lakini kulikuwa na kipengele kingine kilichowagusa wanachuo: kutoka form six na kuunganisha chuo kikuu kukasimamishwa. Unamaliza, unaenda JKT, unafanya kazi kama miaka 2, halafu mwajiri na chama wanakupendekeza. Maksi peke yake hazikutosha tena. Na aliyekuwa kazini bila cheti cha form six alikuwa na mlango wake, mtihani wa kujiunga kwa watu wazima, ambao mpaka leo wazee wanauita mature entry.

Wazo lilikuwa kwamba aliyeonja kazi anajua anasoma kwa ajili ya nini. Ila wadau, pendekezo la bosi ni kitu kigumu kukipima. Maksi unaweza kuzihesabu, lakini roho ya bosi utaihesabuje? Halafu idadi ya wasichana chuoni ikashuka, ikabidi baada ya miaka michache waruhusiwe kupita moja kwa moja, na miaka ya 1980 masharti yakalegezwa kwa wote.

Sasa tuvuke bahari. Marekani walikuwa na shida iliyo kinyume na hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili waombaji wa shule za biashara waliongezeka, kila mmoja na cheti cha chuo tofauti, na kuwalinganisha ilikuwa kazi. Mwaka 1953 shule 9 zikakutana na ETS, watunga mitihani, na 1954 mtihani wa kwanza ukafanyika. Jina GMAT lilikuja 1976. Mwaka 1997 ukahamia kwenye kompyuta, na si kompyuta ya kubofya tu: ukipata swali inakuletea gumu zaidi, ukikosa inashusha. Juni 2012 ikaongezwa sehemu ya kusoma majedwali na grafu. Aprili 2020, korona ilipofunga vituo, ikawezekana kuufanya ukiwa nyumbani, ili mradi intaneti na umeme viwe upande wako (wa Buswelu mnanielewa).

Lakini historia ninayoipenda ni ya anayerudia. Zamani, ukitaka kufuta matokeo ulifuta kabla hujayaona, yaani kamari kabisa. Kuanzia 2014 ukaruhusiwa kuyaona kwanza ndipo uamue. Toleo jipya lilipoanza Novemba 2023 unaona maksi zako, halafu unachagua zipi zipelekwe chuoni. Unaweza kurudia baada ya siku 16, mwisho mara 5 ndani ya miezi 12. Kwa hiyo aibu ya kurudia imepungua sana, kilichobaki ni mfuko.

Hapo ndipo mshikaji anatakiwa awe makini na madesa ya zamani. Pepa ya sasa haina insha, haina jiometri, haina yale maswali ya kusahihisha sentensi. Ina sehemu 3 za dakika 45 kila moja: hesabu maswali 21, lugha 23, data 20. Zamani sehemu ya majedwali haikuingia kwenye jumla, sasa data ina uzito sawa na nyingine. Hata skeli imebadilika, ilikuwa 200 hadi 800, sasa ni 205 hadi 805, na 645 ya leo iko karibu na 700 ya zamani. Ukipiga msuli na kitabu cha 2010 unajiandaa kwa mtihani uliokufa.

Kwenye hesabu hakuna kikokotoo, kwa hiyo waliotoka form four na kitabu cha four figure msijidharau. Ukimaliza sehemu kabla ya muda unaruhusiwa kubadili majibu 3. Usiache maswali mwishoni bila kujibu, yanakukata kuliko kukosea. Na ukifanya pepa za majaribio, andika kila ulipokosa na kwa nini: hukujua, hukusoma vizuri, au muda uliisha? Dawa za hayo matatu hazifanani.

Kwa hiyo jibu langu kwa mshikaji ni hili. Kama anajua zile pointi 100 alizipoteza wapi, arudie. Kama hajui, asubiri mpaka ajue, maana kukesha bila kujua unachokifukuza ni kumtajirisha mwenye mtihani. Na asisahau kwamba shule za MBA huko nje zinauliza pia umefanya kazi wapi, miaka mingapi, na nani anakupendekeza. Mnaona hiyo? Kazi kwanza, pendekezo, ndipo darasa. Musoma walilisema 1974. Tofauti ni kwamba wao huko wanaviweka vyote viwili mezani, maksi na kazi, kimoja kikilegea kingine kinasaidia. Miaka yake 3 kazini ni mtaji, aiandike vizuri kwenye maombi kama anavyoisaka 645.

Na ikishindikana kabisa, vyuo vyetu vingi hapa Bongo vinaangalia zaidi digrii ya kwanza kuliko GMAT. Mlango haujawahi kuwa mmoja, hata enzi zile.

Haya, niishie hapa, chaji inaisha. Wikiendi njema wadau, na mlio na sup mkomae!