Bunduki Zilizochomwa Timbuktu

Tarehe 27 Machi 1996, mjini Timbuktu katika nchi ya Mali, bunduki zipatazo 3,000 zilikusanywa lundo moja zikatiwa moto mbele ya umati wa watu. Rais Alpha Oumar Konaré alikuwapo, pamoja na Rais Jerry Rawlings wa Ghana. Siku hiyo hiyo majeshi ya waasi yalitangaza kujivunja. Mji uliosifika tangu kale kwa wanazuoni na vitabu vyao ukapata sifa nyingine.

Vita vilianza mwezi wa Juni 1990, Watuareg walipoushambulia mji wa Ménaka. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi tarehe 11 Aprili 1992, lakini bunduki hazikurudi. Kila mtu alishika yake kwa kuwa jirani yake anayo, na jirani naye alitoa udhuru ule ule. Mwaka 1994 Wasonghai, wakulima wa kando ya mto Niger, wakaunda jeshi lao lililoitwa Ganda Koy; damu ikazidi kumwagika, na wengi waliouawa walikuwa raia wasio na silaha.

Hapo wenyeji walichoka. Mwezi wa Novemba 1994 wazee wa pande hizo mbili walikutana Bourem wakapatana wao kwa wao. Mfano huo ulifuatwa, na mikutano ya namna hiyo ikafanywa vijijini na katika kambi za wafugaji, machifu, mashekhe, akina mama na vijana wakikaa pamoja. Mazungumzo yao hayakuwa ya siasa kubwa. Walizungumza habari za malisho, visima, mifugo iliyoporwa, na njia ya kwenda sokoni. Masoko ya kila juma yakafunguliwa tena. Na mtu awezaye kwenda gulioni na kurudi salama haoni sana haja ya bunduki. Jambo hili, ingawa ni dogo, ndilo lililofanya kazi ambayo mkataba wa mwaka 1992 haukuiweza.

Moto ule ulionekana mbali. Tarehe 31 Oktoba 1998, huko Abuja, serikali za Afrika Magharibi ziliahidi kusimamisha kwa miaka 3 uingizaji, uuzaji nje na utengenezaji wa silaha ndogo ndogo. Ilikuwa ahadi tu, isiyo na nguvu ya sheria. Kwa hiyo vyama vya raia vya nchi mbalimbali viliungana, vikazidi kuzihimiza serikali, hata mkataba kamili ukatiwa sahihi tarehe 14 Juni 2006, nao ukaanza kutumika mwaka 2009.

Ni kweli kwamba mwaka 2012 Timbuktu ilitekwa na watu wenye silaha. Lakini nyingi katika silaha hizo zilivuka jangwa kutoka maghala ya Libya, baada ya serikali ya nchi hiyo kuanguka mwaka 2011. Zile za mwaka 1996 zilikwisha kuteketea.