Clínica de Migrantes: filamu kuhusu matibabu ya wasio na hati nchini Marekani

Clínica de Migrantes ni filamu fupi ya hali halisi iliyotoka mwaka 2016, kisha ikaoneshwa na televisheni ya HBO mwaka 2017. Mwongozaji ni Maxim Pozdorovkin. Inafuatilia kazi za Puentes de Salud, kliniki ya kusini mwa jiji la Philadelphia ambayo jina lake kwa Kihispania ni "madaraja ya afya". Wagonjwa wengi wametoka Meksiko na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini, nao wanaishi Marekani bila kibali.

Jina kamili la filamu limeongezewa maneno ya Tangazo la Uhuru la Marekani kuhusu uhai, uhuru na kutafuta furaha. Tangazo hilo lilipitishwa mwaka 1776, tena katika jiji hilohilo la Philadelphia.

Mmoja wa waanzilishi wa kliniki ni Steve Larson, daktari wa wagonjwa wa dharura. Wengi wanaotoa huduma ni watu wa kujitolea: madaktari, wauguzi na wanafunzi wa udaktari. Wagonjwa ni wapishi, waosha vyombo, mafundi wa ujenzi, wafanya usafi. Filamu haina haraka nao. Inawaacha wazungumze, na ndiyo nguvu yake.

Ili kuelewa kwa nini kliniki hiyo inahitajika, lazima kujua sheria mbili. Ya kwanza, ya mwaka 1986, inalazimisha karibu hospitali zote zenye idara ya dharura kumpima kila anayefika na kutuliza hali yake ikiwa ni ya hatari, awe na hati au asiwe nazo, awe na pesa au hana. Ya pili ni ile ya bima ya afya ya mwaka 2010. Ilifungulia milango mamilioni ya watu, lakini kwa kawaida wasio na hati hawaruhusiwi kununua bima katika soko lake, hata kwa fedha zao wenyewe.

Kati ya sheria hizo mbili kuna shimo. Mwenye kisukari anaweza kukosa dawa za kila siku, halafu akapokelewa siku anapoanguka. Kwa wagonjwa wa figo hali imekuwa mbaya zaidi: katika majimbo kadhaa, asiye na hati husubiri hadi hali iwe ya kutisha ndipo asafishwe damu kwa mashine, arudishwe nyumbani, kisha asubiri tena kuzidiwa. Ni mateso, na hata kwa hesabu ya pesa ni hasara. Colorado ilibadilisha utaratibu huo mwaka 2019.

Tusichanganye mambo. Mkimbizi anayepelekwa Marekani kwa mpango wa kuhamishiwa nchi ya tatu anafika na hati halali. Hayumo katika kundi linaloonyeshwa na filamu. Lakini wapo ndugu zetu waliopita njia nyingine. Mwaka 2019 mamia ya Wakongomani na Waangola waliovuka mpaka wa Meksiko kuomba hifadhi walifika Portland, jimbo la Maine, wakalazwa katika ukumbi wa michezo. Anayengoja uamuzi wa hifadhi si sawa na asiye na hati, ila naye hukuta milango mingi ya bima imefungwa.

Mwenye jamaa huko anaweza kumweleza haya. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kumtafutia mkalimani bila malipo, kwa hiyo aseme wazi kwamba anazungumza Kiswahili. Asimtumie mtoto kutafsiri habari za ugonjwa. Vituo vya afya vya jamii vinavyosaidiwa na serikali hupanga malipo kufuatana na kipato. Na kutibiwa dharura si kutibiwa bure: bili huja baadaye kwa posta. Asiitupe. Hospitali zisizo za kibiashara zinatakiwa kisheria kuwa na utaratibu wa kuwapunguzia wenye kipato kidogo, na fomu yake huombwa ofisi ya malipo.