Mavi ya Chuma: Katuruka na Swali la Asili ya Ulimwengu

Kuna kauli iliyokwisha kuota mizizi katika madarasa yetu ya falsafa na ya dini: sayansi hueleza ulimwengu ulitokeaje, dini hueleza ulitokea kwa nini, na falsafa hukaa katikati kama mshenga. Stephen Jay Gould aliipa sura ya kitaaluma mwaka 1997 alipoandika kwamba sayansi na dini ni mamlaka mbili zisizoingiliana. Kauli hii inapendwa kwa kuwa inaleta amani: padri haulizwi umri wa mawe, mwanajiolojia haulizwi habari za roho. Makala hii inadai kuwa amani hiyo ina gharama, na anayeilipa ni mzee wa kijijini. Masimulizi yake ya asili hutiwa kwenye kapu la "kwa nini", husifiwa kwa hekima, kisha hakuna anayejishughulisha kuuliza kama ni ya kweli. Ushahidi wangu mkuu unatoka Katuruka, Maruku, si mbali na mji wa Bukoba.

Mnara wa Rugomora Mahe

Masimulizi ya Kyamutwara, ufalme wa Wahaya, yanasema kuwa Mukama (yaani mfalme) Rugomora Mahe aliwaita wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni, apate kuona huko kulivyo. Mnara ulipanda, kisha ukaporomoka. Mahali panatajwa waziwazi: penye mti mkubwa wa Kaiija, Katuruka. Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliyasikia masimulizi haya kati ya mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970. Hakuyaweka kando kama hekaya. Aliwaomba wazee wamwonyeshe palipo, akachimba. Pale Kaiija alikuta mabaki ya uhunzi, na mkaa wake ulipopimwa kwa kaboni ya mionzi ulitoa tarehe za kabla ya Kristo.

Rugomora Mahe anakadiriwa kutawala karne ya 17. Kwa hiyo masimulizi yalipatia mahali, yakapatia na kazi iliyofanyika hapo, lakini yakakosea wakati kwa zaidi ya miaka 1,500. Wapo waliozitilia shaka tarehe za mbali kabisa, kwa sababu mkaa hupima umri wa mti uliochomwa, si umri wa moto. Hoja hiyo ni halali. Hata hivyo, vyungu vya aina ya Urewe vinavyoandamana na uhunzi wa kale wa Buhaya haviruhusu kuushusha hadi zama za Rugomora.

Tuitazame sasa takataka yenyewe. Kipande cha mavi ya chuma, yale mabaki ya tanuru ambayo mkulima wa Maruku au Kemondo huyagonga kwa jembe, ni kizito kuliko ukubwa wake. Ni cheusi, na upande mmoja kina vitundu vya hewa kama mkate uliochachuka. Upande wa pili mara nyingine huwa na michirizi iliyonyooka. Hiyo ni alama ya majani ya bwawani. Wahunzi wa Kihaya waliyachoma, wakayajaza chini ya tanuru, na ule uji wa moto ukapita katikati yake. Majani yalikwisha kuungua. Alama yake imebaki, nayo inasomeka.

Kumbukumbu au hitimisho?

Yalikaaje maneno midomoni kwa karne zote hizo? Schmidt anajibu kwamba mahali patakatifu hushika kumbukumbu, na kwamba watawala wa ukoo wa Wahinda walijitwalia heshima ya chuma cha waliowatangulia. Mwenye shaka ana jibu jepesi zaidi: watu walichimba mashimo ya migomba vibanjani, wakakuta mavi ya chuma, wakatunga kisa cha kuyaelezea. Anadhani amekwisha kuyaua masimulizi.

Mimi naona ameyapandisha hadhi. Ikiwa mkulima aliokota takataka isiyo na mwenyewe, akauliza ni nani aliyeiacha, akahitimisha kwamba hapa palifanyika uhunzi mkubwa, basi amefikiri kama mwanaakiolojia: ameanzia kwenye mabaki akarudi nyuma hadi kwenye tukio. Wanafizikia nao walifika hivyohivyo kwenye mwanzo wa ulimwengu. Mwaka 1931 Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji, alipendekeza kuwa ulimwengu ulianzia katika kitu kimoja kilichosongamana mno. Miaka ya 1964 na 1965, Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa wakihangaika na kelele isiyokoma katika antena yao huko New Jersey. Waliisafisha antena, wakakwangua hata mavi ya njiwa, kelele ikabaki. Ilikuwa masalio ya joto la mwanzo, ambalo sasa ni nyuzi zisizofika tatu juu ya sifuri halisi. Kutokana na masalio hayo tunakadiria umri wa ulimwengu kuwa miaka bilioni 13.8. Nayo ni aina ya mavi ya chuma: mabaki ya tanuru ambalo hakuna aliyeliona likiwaka.

Kinachotenganisha maelezo, basi, ni utayari wa kukosolewa na mabaki. Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery walidai katika jarida la Science kuwa wahunzi wa kale wa Buhaya waliingiza kewa za udongo, yaani mirija ya kupitishia hewa, ndani ya tanuru ili hewa ya mivukuto ipate moto kabla haijafika kwenye makaa. J. E. Rehder na Manfred Eggert walilipinga dai hilo vikali. Wanaolitangaza mkoani Kagera kama fahari ya ukoo, bila kutaja upinzani huo, wanalitoa kwenye sayansi na kulifanya imani. Vatikani nako Papa Pius XII, mwaka 1951, aliipokea nadharia ya mwanzo wa ulimwengu kana kwamba inathibitisha uumbaji. Lemaître mwenyewe hakufurahia. Ushahidi unaotumiwa siku unapotufaa tu si ushahidi.

Kuhanga kwa kitu gani?

Katika falsafa sikubaliani na wengi. John Mbiti, mwaka 1969, aliwaona Waafrika karibu wote wakimjua Mungu Muumba. Okot p'Bitek akamjibu mwaka uliofuata kwamba wasomi walimvika mungu wa Kiafrika kanzu ya Kigiriki. Kwa Waacholi Okot ana hoja nzito. Kwa Wahaya jambo ni gumu zaidi, kwa sababu Ruhanga, jina lao la Mungu, linatokana na kitenzi kuhanga, yaani kuumba. Jina la Ihangiro, ufalme wa kale uliokuwa katika Muleba ya leo, linavutia kuunganishwa na mzizi huo. Lakini mfanano wa sauti si ushahidi.

Swali lenye uzito ni Ruhanga alihanga kwa kitu gani. Mhunzi wa Kihaya aliweka dawa katika kishimo chini ya tanuru, akajitenga na mkewe kazi ilipokuwa ikiendelea, akalichukulia tanuru kama tumbo la mama. "Vipi" na "kwa nini" vilipikwa tanuru moja. Aliyekaa kando ya moto huo, nadhani, angepata taabu kukubali uumbaji usioanzia kwenye kitu chochote.

Itasemwa kuwa mnara wa Rugomora ni Babeli iliyoletwa na wamisionari. Lakini Walozi wa Zambia nao wana kisa cha mnara wa kumfikia Nyambe, na wa kwao ni wa magogo. Wa Kihaya ni wa chuma, na mabaki ya uhunzi yalipatikana. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 1957 wanafizikia wameeleza jinsi chuma kinavyopikwa ndani ya nyota. Madini ya mnara huo yalitoka kulekule mfalme alikotaka kuchungulia.

Sidai kwamba wazee wa Maruku walijua fizikia ya nyota. Nadai kwamba maelezo yao ni hoja, na hoja hupimwa. Kuinyima kipimo ni kuidharau. Mwalimu wa Bukoba au Muleba anayefundisha asili ya ulimwengu asianzie New Jersey. Aanzie kwenye shimo la mgomba, awape wanafunzi kipande kile cheusi, awaulize: ni nani aliyekiacha hapa, na mmejuaje?