Punje ya ukoka: mbegu au tunda?

Katika viwanja vya Ogwedhi, Migori, pale ng'ombe wanapopita na watoto wanapocheza mpira, kuna nyasi mbili zinazochanganya macho. Moja ni ukoka, Cynodon dactylon, unaotambaa na kufunika ardhi kama jamvi. Nyingine ni ndugu wa porini wa wimbi, Eleusine indica, inayoota kwa fungu na kung'ang'ania ukiivuta. Zote hutoa masuke yaliyotandazwa kama vidole vya mkono. Mtu anayetaka ukoka wa kupamba ua, akikusanya masuke bila kuangalia, atajipandia gugu.

Angalia punje. Wataalamu wa mimea huiita kariopsisi, kutoka Kigiriki karyon, yaani kokwa, na opsis, yaani sura. Ni tunda kavu la mbegu moja, ambalo ngozi yake imegandamana na ganda la mbegu hata haibanduki. Punje ya hindi ni kariopsisi, ya mpunga vilevile. Kwa hiyo kile tunachokiita mbegu ya nyasi ni tunda zima.

Kuandika kariopsisi na kuishia hapo ni kumnyima msomaji. Neno punje analijua kila aliyewahi kupukuchua mahindi, na kumvi analijua kila aliyepeta mpunga. Napendekeza punje iwe hilo tunda, kumvi liwe vazi lake kavu, na mbegu libaki kwa kilichomo ndani.

Tofauti hiyo inaonekana kiganjani. Fikicha suke la ukoka lililokauka. Kinachodondoka ni kijimashua cha rangi ya majani makavu, kimebanwa ubavuni, urefu wake yapata milimita 2. Hilo ni kumvi. Lisugue taratibu: ndani mna punje ndogo zaidi ya kahawia, au hamna kitu. Maabara za mbegu huhesabu kumvi tupu kuwa takataka, wala si mbegu. Ndiyo maana mnunuzi anapaswa kuuliza kama ukoka anaouziwa umekobolewa; uliokobolewa hunywa maji upesi na kuchipua mapema.

Yule ndugu wa wimbi ana mambo mengine. Punje yake hudondoka bila kumvi, nyekundu iliyokoza kuelekea weusi, imejaa mikunjo myembamba. Iloweshe kidogo, kisha uisugue kwa kidole gumba: ngozi inateleza na kutoka, mbegu inabaki peke yake. Wimbi lenyewe, ambalo Wajaluo huliita kal, lina ngozi ya namna hiyo hiyo.

Kwa maana tuliyoitoa hapo juu, tunda ambalo ngozi yake inabanduka si kariopsisi. Hapa neno punje linabanwa, kwa sababu hakuna mtu Migori atakayekubali kwamba wimbi halina punje, na sioni sababu ya kumlazimisha. Tuseme punje ya ngozi gandamani kwa ukoka, na punje ya ngozi huru kwa wimbi na jamaa zake. Mkulima ataweza kuzitenganisha kwa kikombe cha maji na kidole chake.