Nani Alionja Lozi ya Kwanza?

Ndugu msomaji, vitabu vyetu vya historia shuleni vilijaa wafalme. Nilimaliza kidato cha nne nikizijua tarehe zao, lakini nani aliwalisha? Kimya. Basi leo wafalme nawaachia viti vyao, nasimulia habari za lozi.

Kwanza tuelewane: lozi siyo kungu. Yale makungu yanayodondoka barabarani Tanga na Unguja, watoto wakayaponda kwa mawe, ni ya mti mwingine kabisa. Mlozi ni ndugu wa mpichi. Asili yake ni Asia Magharibi, na jina tumelipata kwa Waarabu, ambao husema lawz.

Sasa, mlozi wa porini ni muuaji. Kiini chake kichungu kina kitu kiitwacho amigdalini, na ukikitafuna kinatoa sumu ya sianidi. Konzi moja yatosha kumwua mtoto. Utani hapo hakuna.

Lakini mara mojamoja hujitokeza mti wa lozi tamu. Mwaka 2019 wataalamu walieleza chanzo chake: badiliko dogo tu kwenye jeni moja. Mti wenye badiliko hilo huzaa tamu tupu, mti mzima. Kwa macho je, utautambua? Wapi! Dawa ilikuwa moja, kuonja.

Hapo ndipo ninapovua kofia. Mtu fulani, labda mama mwenye njaa, labda mtoto mtundu, alionja, akangoja, asife. Wakarudi mti uleule, wakapanda mbegu zake. Baadhi ya miche ilikua ikazaa chungu, ikabidi waonje tena. Zaidi ya miaka 4,000 iliyopita lozi zilikuwa tayari zikilimwa. Kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa Misri mwaka 1922, lilikutwa na lozi ndani. Na siku hizi California peke yake hutoa karibu asilimia 80 ya lozi zote za dunia.

Jina la mfalme tunalo, hata mtoto wa shule analitaja. La mwonjaji halimo popote, ingawa ndiye aliyeweka roho yake rehani ili sisi tule.

Wenzangu mnaoshika kalamu, wafalme wana waandishi wao tangu zamani. Mimi riwaya yangu, nikijaliwa kuimaliza, nitamwandikia yule mwonjaji. Nanyi je, mnamwandikia nani?