Kompyuta pepe badala ya maabara za vyuo vikuu

Kompyuta pepe ni kompyuta inayoendeshwa ndani ya seva, ambayo mtumiaji huifikia kwa mtandao kutoka kwenye kifaa chochote alicho nacho. Tangu miaka ya 2000 vyuo vikuu vingi, hasa vya Marekani, vimekuwa vikizitumia kupunguza au kufunga maabara za kompyuta. Mwanafunzi hupata programu za masomo yake akiwa bwenini, maktaba au nyumbani, saa yoyote. Mpango huu hubadilisha mashine na namna ya kusakinisha programu. Umeme, intaneti na mahali pa kukaa, ambavyo maabara ilivitoa bure, hubaki kuwa mahitaji yaleyale, na mwenye kuyabeba anaweza kuwa mwanafunzi mwenyewe.

Asili

Kutumia kompyuta iliyo mbali ni desturi ya zamani vyuoni. Mwaka 1964 chuo cha Dartmouth, Marekani, kilianzisha mfumo ulioruhusu watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa kwenye mashine yake ya kuchapia iliyounganishwa kwa waya. Bei za kompyuta ndogo ziliposhuka katika miaka ya 1980, vyuo vilijaza vyumba kwa mashine zinazojitegemea, na maabara ya kompyuta tunayoijua leo ikazaliwa.

Kurudi kwenye seva kulianza katika muongo uliofuata. Mwaka 1995 kampuni ya Citrix ilitoa WinFrame, iliyowezesha watu wengi kutumia Windows kwenye seva moja. VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilisaidia kueneza teknolojia ya kuendesha mifumo kadhaa inayojitegemea ndani ya mashine moja. Kompyuta pepe za vyuo zilijengwa juu ya misingi hiyo miwili.

Jinsi zinavyofanya kazi

Seva yenye nguvu hugawanywa, kila kompyuta pepe ikapewa sehemu yake ya prosesa, kumbukumbu na diski. Mafundi huandaa nakala kuu moja kwa kila kozi: mfumo endeshi pamoja na programu zake, tuseme SPSS kwa takwimu au ArcGIS Pro kwa ramani. Programu ikihitaji toleo jipya, hurekebishwa nakala kuu tu. Katika maabara ya kawaida, fundi angelazimika kuhakikisha kila mashine imepokea toleo hilo.

Mwanafunzi hufungua kivinjari, huingiza nywila ya chuo na kuchagua kozi. Mfumo humtafutia kompyuta pepe iliyo wazi, au humtengenezea nyingine kutoka kwenye nakala kuu. Kuanzia hapo, anachobonyeza husafiri kwenda kwenye seva, na picha ya skrini hurudi kwake. Hesabu zote hufanyika kwenye seva, hivyo hata kompyuta mpakato ya miaka mingi huweza kutumia programu ambayo peke yake isingeimudu. Mwenye Mac au Chromebook naye hupata ArcGIS Pro au programu ya usanifu ya SolidWorks, ambazo hufanya kazi kwenye Windows pekee.

Katika mipango mingi, mwanafunzi akitoka kompyuta hiyo hufutwa na kurudishwa ilivyokuwa. Virusi hufutika nayo, lakini hata tasnifu iliyohifadhiwa humo hupotea. Kwa hiyo jambo la kwanza kufundishwa mwanafunzi ni kuweka faili zake kwenye hifadhi ya mtandao ya chuo.

Mifano miwili

Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, mjini Raleigh, kilianzisha Virtual Computing Lab mwaka 2004. Mwanafunzi aliweka nafasi kwenye tovuti, papo hapo au kwa saa ya baadaye, na mfumo ukamwandalia kompyuta yenye programu alizotaka. Seva ambazo wanafunzi hawakuzihitaji zilipewa kazi ya hesabu kubwa za watafiti, wakati mashine za maabara iliyofungwa usiku zingelala bure. Mwaka 2008 programu za mfumo huo zilikabidhiwa Apache Software Foundation, na vyuo vingine vikaweza kuzitumia bila malipo ya leseni.

Chuo Kikuu cha Virginia kilianza na maabara zenyewe. Uchunguzi wake ulionyesha kwamba kati ya wanafunzi zaidi ya 3,000 wa mwaka wa kwanza, wanne tu hawakuwa na kompyuta, na kwamba maabara zilitumika zaidi kwa kazi ambazo kompyuta zao wenyewe zingeweza kuzifanya. Mwaka 2009 kilitangaza kuzifunga maabara za umma hatua kwa hatua. Kabla ya kufunga, chuo hiki kilihesabu nani ana nini, na uamuzi wake ulisimama juu ya hesabu hiyo.

Janga la UVIKO-19 lilipofunga vyuo mwaka 2020, vingi vililazimika kufungua njia ya mbali ndani ya wiki chache. Baadhi viliwaunganisha wanafunzi moja kwa moja na mashine zilizokuwa zimekaa tupu kwenye maabara zao.

Gharama na mipaka

Kompyuta pepe hupunguza ununuzi wa mashine za mezani, lakini huongeza gharama za seva, hifadhi, leseni na wataalamu. Si kila leseni ya programu huruhusu matumizi ya mbali. Bei pia hubadilika nje ya uwezo wa chuo: kampuni ya Broadcom iliinunua VMware Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu na kubakiza za kulipia kwa muda.

Darasa la watu 100 likiingia kwa pamoja saa mbili asubuhi, diski za seva huelemewa na kila mtu husubiri. Usanifu wa michoro ya pande tatu na uhariri wa video huhitaji seva zenye kadi za michoro, ambazo ni ghali. Masomo yanayotumia vifaa vya kushikwa mkononi, kama vile elektroniki, bado yanahitaji chumba.

Mwongozo wa Microsoft hukadiria megabiti 1.5 kwa sekunde kwa matumizi mepesi ya skrini moja. Kasi hiyo ikitumika yote mfululizo, saa moja humaliza karibu megabaiti 675. Kwa anayenunua bando la simu, hiyo ni ada ya pili ya masomo. Ucheleweshaji nao ni muhimu: ukizidi takriban milisekunde 200, herufi huanza kuonekana nyuma ya vidole.

Afrika Mashariki

Kabla ya mwaka 2009, sehemu kubwa ya eneo hili ilitegemea setilaiti za umbali wa kilomita 36,000, ambazo kwenda na kurudi kwa ishara huchukua zaidi ya nusu sekunde. Kutumia kompyuta pepe iliyo ng'ambo kusingefaa. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS mwaka 2009, kisha EASSy mwaka 2010, zilibadili hali hiyo. Mitandao ya elimu na utafiti, KENET ya Kenya, TERNET ya Tanzania na RENU ya Uganda, huunganisha vyuo ndani ya nchi.

Seva iwekwe wapi ni swali zito hapa. Microsoft ilifungua vituo vyake vya data Afrika Kusini mwaka 2019 na Amazon ikafuata mwaka 2020, lakini kuvifikia kutoka Dar es Salaam au Nairobi hutegemea nyaya ndefu. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Seva iliyo chuoni au kwenye mtandao wa elimu wa nchi huendelea kufikika siku kama hiyo.

Pale ambapo wanafunzi wengi wana simu tu, njia inayofaa ni kuchanganya: seva ndani ya nchi, na chumba chenye skrini, kibodi, umeme wa akiba na Wi-Fi kibaki wazi. Mashine za chumbani zinaweza kuwa za bei nafuu kwa kuwa kazi nzito hufanywa na seva. Aliye na kompyuta mpakato atasomea anapotaka, na asiye nayo atapata kiti, na wote wawili watafanya zoezi lilelile kwa programu zilezile.