Aristokrasia: Ubora, Ukoo na Kiti cha Mtemi

Mwalimu wa historia anayewaeleza wanafunzi wake Mapinduzi ya Ufaransa kwa Kiswahili hukwama mahali pamoja. Wale waliovuliwa haki zao za kikoo usiku wa tarehe 4 Agosti 1789 awaite nani? Makabaila? Mamwinyi? Malodi? Waungwana? Akiona yote yanamkwaza, atasema aristokrati, kisha atatumia nusu ya kipindi kulifafanua neno lenyewe.

Tatizo halikuanzia kwenye Kiswahili. Aristokrasia ni neno la Kiyunani lililoungwa na mawili: aristos, aliye bora kupita wengine, na kratos, nguvu au mamlaka. Kwa asili yake basi ni utawala wa walio bora. Aristotle, katika kitabu chake cha Siasa, aliuweka kati ya utawala wa mfalme mmoja na utawala wa raia wengi, na kila mmoja akauonyesha pacha wake mbovu. Mfalme akiharibika huwa dikteta. Wachache walio bora wakiharibika, utawala wao huwa oligarkia, yaani wachache wenye mali wanaojitawalia kwa faida yao. Kipimo chake kilikuwa wanatawala kwa ajili ya nani, na wamepata nafasi hiyo kwa sifa gani.

Karne zilivyopita, Ulaya ililibadilisha neno hilo matumizi. Waliohesabiwa bora waliwarithisha watoto wao ardhi na vyeo, watoto nao wakawarithisha wajukuu, mpaka ubora ukawa jambo la kuzaliwa nalo. Aristokrasia ikaacha kuwa jina la namna ya kutawala, ikawa jina la tabaka la watu. Uingereza ilipopunguza malodi wa kurithi katika bunge lake la juu mwaka 1999, 92 kati yao waliachiwa viti kwa muda, na katika mjadala huo hakuna aliyedhani kwamba hao ndio watu 92 walio bora kuliko Waingereza wote. Maana mbili zikabaki ndani ya neno moja: ubora na ukoo.

Kiswahili kimejaribu kulipokea neno hili kwa njia kadhaa. Kabaila, lenye asili ya Kiarabu katika neno la kabila, lilimhusu mtu wa ukoo mkubwa. Lakini tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililomkataza kiongozi kujihusisha na ubepari na ukabaila, neno hilo limefungamana na bwana mwenye ardhi anayeishi kwa jasho la mtwana. Mwinyi ni neno la pwani lenye heshima ya kale. Unguja ilikuwa na Mwinyi Mkuu aliyekuwa na kasri Dunga, na ukoo wake ulitawala hadi karne ya 19. Leo, lakini, mtu akiambiwa ofisini aache umwinyi, anaelewa kwamba anaitwa mvivu anayependa kunyenyekewa. Uungwana nao umekwenda upande wa pili. Zamani mwungwana alikuwa mtu huru mwenye nasaba, asiye mtumwa. Sasa ni yeyote mwenye adabu, hata awe hajui jina la babu yake. Kabaila na mwinyi wamebaki na ukoo wakapoteza ubora. Mwungwana amebaki na ubora akapoteza ukoo.

Kwa msomaji wa Kahama, njia fupi ya kulielewa neno hili ni kuangalia kilichoukuta utemi.

Eneo lililokuwa Wilaya ya Kahama, ambalo sehemu yake sasa iko Mkoa wa Geita, lilikuwa na tawala nyingi ndogo za Wasumbwa, Wanyamwezi na Wasukuma: Ushirombo, Msalala, Busangi na nyingine. Kila moja ilikuwa na mtemi wake. Jina la cheo hutokana na kutema, yaani kukata. Wapo wanaosema ni kukata msitu, kwa kuwa wa kwanza alifungua pori, na wapo wanaosema ni kukata mashauri. Makazi yake yaliitwa ikulu, neno ambalo Jamhuri ililichukua likawa nyumba ya Rais.

Utemi ulihitaji ukoo, ila ukoo peke yake haukutosha. Katika tawala nyingi za Wanyamwezi na Wasukuma urithi ulipita upande wa mama, kwa hiyo mtoto wa mtemi hakukalia kiti cha baba yake. Kilikwenda kwa mtoto wa dada. Mara nyingi wana wa mtemi walipelekwa vijijini kuwa wanangwa, wasimamizi wa watu na mashamba kwa niaba ya ikulu. Wapwa nao walikuwa wengi, hivyo wazee wa ikulu walikaa, wakapiga ramli na kuchagua mmoja. Aliyechaguliwa aliendelea kupimwa kila msimu. Mvua na mavuno vilihesabiwa kuwa dhamana yake, na ghala lake lilitarajiwa kufunguliwa wakati wa njaa. Ukame ukizidi, wazee waliweza kumwondoa. Katika utemi wa namna hiyo, maana zote mbili za aristokrasia zilikaa pamoja: nasaba ilimpa mtu nafasi ya kujaribiwa, na mwenendo ndio uliomweka kitini.

Waingereza walivunja mizani hiyo. Gavana Donald Cameron alileta utawala kupitia machifu, na sheria ya mwaka 1926 ikawafanya watemi kuwa mamlaka ya wenyeji, wenye mahakama, hazina na mshahara. Kuanzia hapo, mtemi aliyeshindwa kuwaridhisha watu wake aliweza kubaki kitini maadamu kodi ilikusanywa na bwana wilaya ameridhika. Urithi nao ulihama taratibu kutoka kwa mpwa kwenda kwa mwana. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, iliwalenga watoto wa machifu, na mwaka 1945 David Kidaha Makwaia, mtemi wa Busiya huko Shinyanga, akawa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Hakuna haja ya kudharau uwezo wa watu hao. Neno la kuzingatia ni kwamba ukoo uliimarishwa kwa sheria, na kipimo cha wananchi kikaondolewa. Hapo utemi ulikaribia zaidi aristokrasia ya Ulaya kuliko ulivyokuwa kabla ya wageni kufika.

Serikali ya TANU ilifuta madaraka ya machifu mwaka 1963. Aliyeiongoza, Julius Nyerere, mwenyewe alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki na amesoma Tabora. Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, alikuwa waziri katika baraza la kwanza. Kwa hiyo waliobomoa kiti walijua kimetengenezwaje.

Kilichofuata kinaufaa sana ufafanuzi wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo na ujambazi ulipozidi, vijiji vya Kahama na majirani zake viliunda sungusungu. Watu walitoka na upinde na mishale, na filimbi ikilia kijiji kizima kilifuata nyayo za ng'ombe. Kiongozi wao walimwita mtemi, na pembeni yake akawekwa katibu. Mtemi huyo hakuulizwa mama yake ni dada wa nani. Alitakiwa awe mtu anayeaminika, asiyeogopa, na anayeweza kukata shauri. Cheo kilichofutwa kwenye sheria kilirudi kijijini kikiwa na ubora bila ukoo, karibu kabisa na maana ya kwanza ya Kiyunani.

Kutokana na mifano hiyo, pendekezo langu kwa watafsiri ni hili. Pale andiko linapozungumzia namna ya kutawala, kama kwa Plato na Aristotle, tuseme utawala wa walio bora. Linapozungumzia watu wa Ufaransa ya 1789 au malodi wa Uingereza, tuseme tabaka la vyeo vya kurithi. Ukabaila tuuachie mfumo wa bwana shamba na watwana. Neno aristokrasia lenyewe tulitunze kwa maandiko yanayozihitaji maana zote mbili kwa pamoja.

Yapo pia matumizi ya kitamathali. Katika miaka ya 1960 Giovanni Arrighi na John Saul, waliofundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walijadili kile kilichoitwa aristokrasia ya wafanyakazi: wachache wenye ajira rasmi na mshahara mnono kuliko wakulima wanaowazunguka. Anayetaka kuipima hoja hiyo leo alinganishe mwajiriwa wa mgodi wa Bulyanhulu na mchimbaji anayesubiri mgao wa mifuko ya mawe kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, la Mwime. Hapo hakuna nasaba wala cheo. Tafsiri nyofu ni tabaka la juu la wafanyakazi.

Je, matajiri wa dhahabu, wenye maduara, makarasha ya kusaga mawe na maghorofa mjini Kahama, ni aristokrasia mpya? Kwa sasa jina hilo haliwafai. Duara hukauka, na leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa miaka 7 ndipo ihuishwe. Aliyekuwa bosi mwaka juzi anaweza leo kuwa anakopa mafuta ya jenereta. Wakishika siasa kwa fedha zao, Aristotle angeita hiyo oligarkia. Aristokrasia ya kurithi huanza pale leseni, kiti cha udiwani na nafasi ya shule bora vinapopita mikononi mwa ukoo uleule vizazi viwili vitatu, na wananchi wakakosa njia ya kumwondoa asiyefaa. Wazee wa ikulu walikuwa na njia hiyo. Sisi tumepewa kura, na kazi yake ya kwanza ni ileile.